Bukta Juu ya Taiti

Hakuna aliyemlazimisha Raudha kuapa. Aliapa mwenyewe, mbele ya mama yake, mbele ya mjomba wake, na kibaya zaidi mbele ya Shangazi Hamisa, mwanamke ambaye neno lako la leo atakukumbusha mwakani, na atakutajia mpaka nguo uliyokuwa umevaa ulipolisema.

Kisa chenyewe kilikuwa taiti. Shangazi alikwenda Kinondoni kumjulia hali jirani yake wa zamani, na wakati anarudi akamwona Badru, mchumba wa Raudha, anatoka jimu na kuvuka barabara kwenda kununua dafu. Juu alivaa fulana iliyombana mpaka mbavu zinahesabika. Chini alivaa taiti ya bluu, na juu ya taiti hapakuwa na kitu kingine. Badru, kwa adabu zake zote, alisimama katikati ya watu akamwamkia.

"Shikamoo yake nimeiitikia huku naangalia nguzo ya umeme," Shangazi alisema jioni ile nyumbani Tandika, hata baibui hajavua. "Nguzo ya umeme, Raudha! Sikuwa na pengine pa kuyaweka macho yangu."

Mama Raudha alicheka mpaka akaweka chini ungo wa mchele.

"Usicheke, wifi. Mwanamume sitara yake kuanzia kitovu mpaka goti. Hilo sijalitunga mie."

"Shangazi, ile ni nguo ya mazoezi," Raudha alimtetea mtu wake. "Siku hizi wanavaa wote. Inashika misuli, na jasho linakauka upesi. Mbona wacheza mpira unawaangalia kwenye TV na husemi kitu?"

"Wacheza mpira hawajaja kuniposea mtoto."

"Sasa kosa lake nini?"

"Mwanamke akipita hapa na nguo ile, mtaa mzima mtamsema mpaka mvua inyeshe. Akiivaa mwanamume, mnaniambia misuli. Mie nasema ama wajisitiri wote, ama muwaache wote. Na mie siwaachi."

Mjomba, ambaye hapendi maneno yakizidi, alisema kijana ana kazi yake na anaswali, na hiyo taiti itaisha yenyewe siku atakapoota kitambi. Lakini neno lilikuwa la Shangazi. Yeye ndiye aliyemlea Raudha baba yake alipofariki, na ndiye aliyemfundisha cherehani. Raudha angeweza kuolewa bila mjomba kufurahi. Bila Shangazi kufurahi, hata pilau ya harusi yake isingepita kooni.

"Nikimshonea bukta pana, akaivaa juu ya taiti?" Raudha aliuliza. "Utaridhika?"

Sasa ndipo Shangazi alipovua baibui. "Akiivaa, mie mdomo nimefunga."

"Ataivaa. Naapa mimi kwa niaba yake."

Basi, ndivyo alivyojifunga.

Bukta ile aliishona kwa siku mbili, na alifanya polepole kwa kupenda tu. Kitambaa kilikuwa cheusi, chepesi, kisichoshika jasho. Midomo ya mifuko aliipiga mishono miwili iliyolala pamoja, kama anavyofanya kwa kila nguo inayotoka mikononi mwake. Kisha akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alichukua khanga nyekundu aliyojifunga siku wazee wa Badru walipokuja kuleta posa, akakata kipande cha pindo lake, akakishona ndani ya kiuno cha bukta, mahali ambapo mvaaji peke yake ndiye angekijua.

Badru alipoipokea aliigeuza ndani nje. Kidole gumba chake kikapita juu ya kile kitambaa chekundu, mara moja, mara mbili. Alimwinulia Raudha macho yake yale, yaliyotulia, ambayo Raudha aliyapenda tangu siku ya kwanza. Siku hiyo ya kwanza Badru alikuja dukani anaposhonea Raudha, na suruali tatu zinazombana mapajani, akataka ziongezwe, na Raudha alipompima alijikuta ameshika pumzi mpaka namba zikamtoka kichwani, ikabidi aanze upya.

"Kwa hiyo nikikimbia, nakimbia na wewe?" Badru aliuliza.

"Na usinidondoshe."

"Nikudondoshe wapi, mke wangu?"

Wiki ile ile alimtumia picha. Amesimama mbele ya kioo cha jimu, bukta nyeusi juu ya taiti, anacheka. Raudha alimpelekea Shangazi simu kabla hata hajaiangalia vizuri mwenyewe. Shangazi akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akairudisha.

"Haya. Mdomo nimefunga."

Tarehe ikapangwa. Ndoa Ijumaa, baada ya swala, nyumbani kwa Shangazi.

*

Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo, Raudha alikuwa na kazi moja imebaki: kanzu ya bwana harusi. Vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vya miezi mingi nyuma, na kifua cha Badru kilikuwa kimeongezeka tangu hapo. Alipiga simu asubuhi mara tatu, haikupokelewa. Akajua yuko jimu. Akatia daftari na futi yake ya kupimia kwenye mkoba, akajipaka wanja, akaenda Kinondoni na furaha yake yote. Alitaka kumshtukiza.

Jimu lenyewe liko ghorofani, juu ya duka la rangi. Muziki wa singeli ulikuwa umefunguliwa mpaka madirisha yanatetemeka. Mezani alikaa msichana mmoja mchangamfu, kikombe cha chai mkononi, jina lake Tupokigwe limeandikwa kwenye fulana.

"Karibu dada. Kujiandikisha, au umekuja kuangalia?"

"Namsubiri mtu tu."

"Kaa hapo. Na macho yako uyachunge, wanaume wa humu wamevaa visivyovaliwa."

Mzee mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli ya mazoezi karibu na meza, kavaa suti ya michezo mpaka zipu shingoni, akadakia. "Mbona mie hunisemi, Tupokigwe?"

"Wewe mzee wangu ndiyo mfano wa kuigwa. Nawasema hawa vijana." Akamgeukia Raudha. "Mie sisemi wasivae, dada. Mtu kahangaika na mapaja yake mwaka mzima, mwache naye ayaonyeshe. Ila aje kuchuchumaa mbele ya meza yangu na mie nakunywa chai? Hapo hapana."

Raudha alicheka kwa moyo mweupe kabisa. "Wangu anavaa bukta juu," alisema, na sauti yake ilijaa majivuno.

"Basi una bahati. Wa bukta juu humu simjui hata mmoja."

Raudha hakulishika neno hilo mara moja. Aliinua macho kutafuta, akamwona Badru mwisho wa ukumbi, mgongo kwake, ananyanyua vyuma. Taiti ya bluu ilikuwa ile ile ya siku ya nguzo ya umeme, na juu yake hapakuwa na kitu.

Moyo ulimshuka. Lakini mtu anayependa hakosi visingizio vya kumpa anayempenda, na Raudha alikuwa navyo tele. Labda imefuliwa. Labda ameisahau kwa haraka ya asubuhi. Alikuwa bado anachagua kisingizio kizuri zaidi wakati bukta yenyewe ilipopita mbele yake.

Aliitambua kabla hajamtazama aliyeivaa. Aliona mishono miwili kwenye mdomo wa mfuko. Kisha akainua macho akaona dada mmoja mrefu, uso mzuri usio na makuu, taulo begani, anakwenda kuchota maji.

"Bukta yako nzuri," Raudha alisema.

Yule dada akasimama, akatabasamu. "Asante. Kanishonea wifi yangu."

"Wifi yako?"

"Dada wa mchumba wangu. Ana cherehani huko Temeke, anashona huyo, achana naye. Mchumba wangu ni yule pale wa taiti ya bluu."

Raudha alisikia masikio yake yanaziba kama mtu aliyezamishwa kichwa kwenye pipa la maji. Hata hivyo mdomo wake uliendelea kufanya kazi.

"Na mie fundi. Nikiangalia mshono wa kiunoni utachukia?"

"Aa, angalia tu," yule dada akasema, akakunja kiuno cha bukta kwa vidole viwili.

Hapo Raudha alikuwa bado na tumaini moja dogo, la aibu. Nguo huazimwa. Taiti ya mtu huchanika mazoezini, mwenzake akamwazima ya kujisitiri, na mengine yote yakawa maneno ya msichana anayejipa mchumba asiye wake. Lakini bukta ilikuwa imepunguzwa kiuno, kushoto na kulia, inchi mbili kila upande, kwa uzi wa kahawia, mkono wa fundi mwenye haraka. Nguo ya kuazima haipunguzwi kiuno. Na ndani, palipokuwa na pindo la khanga nyekundu, palibaki vitundu vya sindano tu.

"Ilikuwa inanipwaya," yule dada alieleza. "Badru akaipeleka kwa fundi wa hapo chini. Ilikuwa na kitambaa chekundu humo ndani, akasema kitolewe, kitachuja rangi." Kisha akamtazama Raudha vizuri, akatazama futi iliyochungulia kwenye mkoba, na uso wake ukafunguka. "Ngoja kwanza. Fundi, wa Temeke? Ni wewe! Wifi!"

Akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu, na jasho lake lote, na upendo wa mtu aliyengoja siku hiyo kwa muda mrefu. Raudha alisimama mikono imemning'inia. Juu ya bega la mwanamke yule alimwona Badru anageuka, anawaona, na chuma anakiachia kinagonga sakafu.

Alikuja huku anajifunga taulo kiunoni. Leo ndipo alipoikumbuka sitara.

"Raudha. Hukuniambia unakuja."

"Nimepiga mara tatu."

"Badru, kumbe wifi mpole hivi na hujawahi kunipeleka kwake!" yule dada alilalamika kwa kudeka. "Wifi, mie Bupe. Sijui kama amekwambia, mwezi wa tatu anakuja kwetu Tegeta kuonana na baba."

Badru alikuwa anamtazama Raudha, kwa macho yale yale yaliyotulia, yale ya kidole gumba juu ya kitambaa chekundu. Na Raudha akayasoma bila shida, kwa sababu alikuwa ameyasoma miezi yote hiyo. Yalikuwa yanamwomba. Kubali. Kuwa dada yangu, kwa dakika tano tu, nikutoe hapa, nikueleze. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba, kwa nukta moja, moyo wake ulitaka kukubali.

Akatoa futi kwenye mkoba, akaivaa shingoni.

"Nimekuja kukupima," alisema.

"Twende nje basi, tukaongee."

"Simama wima. Na taulo toa, linaongeza kiuno."

Mzee wa baiskeli aliacha kukanyaga. Badru akalifungua taulo, hakuwa na namna, akasimama katikati ya ukumbi na taiti yake ya bluu. Nguo ile haikumficha kitu. Raudha alikumbuka alivyoitetea mbele ya Shangazi, akajiona mjinga.

"Bupe, mdogo wangu, nisaidie kuandika," akampa daftari na kalamu. "Kwetu anayepima haandiki, anataja tu. Huwa ananiandikia shangazi yangu."

"Niletee, wifi." Bupe akakaa kwenye benchi, daftari gotini, kama mtoto aliyepewa kazi ya kikubwa.

"Bega, kumi na tisa."

"Kumi na tisa."

Futi ikazunguka kifua. Raudha alisikia joto la mwili aliotarajia kuuzoea kuanzia Ijumaa, na moyo wa Badru unagonga chini ya vidole vyake kwa kasi ya ajabu. "Kifua, arobaini na tatu. Kimeongezeka."

"Raudha, nakuomba," Badru alinong'ona.

"Nyoosha mkono. Ishirini na tano."

"Ishirini na tano," Bupe akaitikia.

"Urefu, hamsini na nane. Basi."

"Kanzu hiyo," Bupe alisema, ameipenda kazi yake. "Ya Idi?"

"Hapana. Ngoja, juu ya vipimo huwa tunaandika ni nguo ya shughuli gani, zisichanganyike. Andika kanzu ya ndoa. Ijumaa hii."

Kalamu ya Bupe iliandika mpaka kwenye neno ndoa, ikasimama. Akainua uso, bado anatabasamu nusu. "Ndoa ya nani?"

Badru alitazama sakafu. Tupokigwe alikuwa ameizima singeli. Raudha akalichukua daftari taratibu, akaandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, *Badru na Raudha*. Akalirudisha gotini kwa Bupe.

Bupe alisoma. Akasoma tena. Kisha akamtazama Raudha, midomo ikatafuta jina la kumwita. Wifi haikutoka tena.

"Dada," alisema mwishowe. "Haki ya Mungu, sikujua."

"Najua."

Bupe aliinuka akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akarudi kavaa gauni lake, bukta imekunjwa vizuri mikononi. Akaiweka kwenye mkoba wa Raudha kwa mikono miwili. Alipopita mbele ya Badru alisema, "Mwezi wa tatu baba yangu asikuone Tegeta," na akashuka ngazi bila kugeuka. Raudha alitamani kumchukia. Hakuona pa kuanzia.

"Nilitaka kukwambia," Badru alianza. "Ningeyamaliza yale, wallahi, kabla ya Ijumaa. Na hiyo bukta… Niliivaa siku moja wakanicheka wote humu, wakaniita ustadhi. Bupe alikuwa anatafuta ya kuvaa, nikampa. Sikufikiria. Ni bukta tu, Raudha."

"Ndiyo. Na mie nilikuwa dada tu."

Alizungusha futi vidoleni, akaitia kwenye mkoba. Mkono wake bado ulikuwa na joto la kifua cha Badru, na alijua litakaa siku nyingi.

"Niliapa kwa niaba yako," alisema. "Mbele ya shangazi yangu."

Akaondoka.

*

Shangazi Hamisa alikuwa barazani Tandika, anashonelea vifungo vya magauni ya wasimamizi. Aliinua macho juu ya miwani.

"Umempima?"

"Nimempima."

"Na ile bukta, umemkuta kaivaa?"

Raudha alikuwa amepanga maneno njia nzima. Badala yake akaitoa bukta kwenye mkoba, akamwekea mapajani, akakaa chini kwenye mkeka.

Shangazi aliigeuza ndani nje, kama alivyomfundisha Raudha, kwamba ukitaka kuijua nguo uanzie ndani. Kidole chake kikafuata uzi wa kahawia, kushoto, kisha kulia. Akapima kiuno kwa shubiri. Kidole kikaishia kwenye vile vitundu vya sindano.

Raudha alingoja. Alijua kinachokuja, na alijua Shangazi ana haki nacho. Si nilisema mie? Si nilikwambia siku ile?

Neno hilo halikuja.

"Huyu dada ni mwembamba," Shangazi alisema tu.

"Hakujua, shangazi. Alikuwa ananiita wifi."

"Mama yako umemwambia?"

"Bado. Nitawaambia nini watu? Kadi zimekwenda. Mtaa mzima unajua ni Ijumaa." Akavuta ukindu uliochomoka kwenye mkeka. "Nitawaambia kwamba nilikuwa namshonea mwanamke mwenzangu?"

Shangazi alinyanyua wembe wake wa kufumulia, akashika mshono wa kahawia, akaanza kuukata, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Wewe huwaambii kitu. Nitasema mie. Nitasema nimeikataa ndoa, mkwe anavaa taiti."

"Shangazi! Watakucheka. Watasema mwanamke mzima kavunja harusi ya mtoto kwa nguo ya mazoezi."

"Nilishaanza kuisema tangu mwanzo, nani atashangaa? Mie wamenizoea na ukorofi wangu." Alipuliza vipande vya uzi vilivyodondoka kwenye kitambaa cheusi. "Wewe hawajakuzoea na aibu."

Raudha alilaza kichwa kwenye paja la shangazi yake, juu ya ile bukta, akalia kilio alichokuwa amekibeba tangu Kinondoni. Shangazi aliendelea kufumua kwa mkono mmoja, na wa pili akauweka juu ya ushungi wa mtoto wake.

"Acha waseme ni taiti," alisema.